Babu Alijenga, Mimi Nikamwandika Mzungu

Kosa ni langu, sitaki kumtupia mtu mwingine. Nawaandikia ninyi kwa sababu nyumbani hakuna tena wa kumwambia, na nikikaa kimya naona kama kifua kimejazwa pumba za mbao.

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na tisa. Siku ya matokeo nilishangilia mpaka kuku wa mtaa wetu wote wa Lisekese wakaacha kutaga wiki nzima! Tangu hapo, mtaani kwetu barua za watu naandika mimi. Na nikiandika, naongeza chumvi. Mtu mwenye mafua akitaka ruhusa kazini, namwandikia homa iliyowashinda madaktari watatu. Watu hucheka. Nilipenda wacheke.

Mtaa wetu uko nje kidogo ya Masasi, barabara ya kwenda Newala. Zamani palikuwa na kiwanda cha mbao. Kiwanda kilishakufa, zimebaki nyumba nne za mbao. Moja ni ya shangazi yangu. Aliijenga baba yake, yaani babu yangu.

Wakaja wataalamu wa majengo ya kale. Wakasema kati ya zile nne itakarabatiwa moja tu, na itawekewa kibao cha historia. Kila mwenye nyumba akaachiwa fomu aeleze habari za nyumba yake. Shangazi hajui kusoma, akaniita.

"Kaa hapo, msomi. Andika ninavyosema."

"Sema shangazi, kalamu ina njaa!"

Akasema. Babu alikuwa mpasua mbao kiwandani. Jioni alirudi na mbao za mninga zilizokataliwa, amejitwika kichwani, ubao mmoja mmoja, miaka sita. Msumeno ukamkata vidole viwili. Ule mwimo wa mlango wenye nakshi za majani aliuchonga baada ya hapo.

"Kwa vidole vinane. Hilo la vidole umeliandika?"

"Nimeliandika, shangazi."

Sikuliandika! Niliwaza, mpasua mbao nani atamjali? Nyumba nyingine zitatupita. Basi nikaandika kwamba ilijengwa na mhandisi wa Kizungu, na mlango ulitoka Ulaya kwa meli, ukabebwa na watu arobaini kutoka pwani. Arobaini! Nilijichekea mwenyewe. Shangazi akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya maneno yangu.

Ikachaguliwa ya kwetu. Bati jipya, nguzo mpya za baraza, kibao cha chuma pembeni mwa mlango. Shangazi akakipapasa.

"Jina la baba liko wapi?"

Nikamshika kidole nikakiweka juu ya neno. "Hili hapa."

Lilikuwa neno Ulaya.

Miezi minne alilifuta vumbi kila asubuhi kwa upindo wa kanga. Mimi napita, naona, naenda zangu.

Siku moja, nami nikiwa pale barazani, akina mama wa kanisa kutoka Lupaso wakaja kumtembelea. Mmoja ni mwalimu mstaafu. Akakisoma kile kibao kwa sauti, wenzake wasikie. Shangazi akamsogelea.

"Rudia, mwalimu. Taratibu."

Akarudia.

"Na hili ninalolifuta?"

"Hilo? Ulaya, mama."

Shangazi akanitazama mara moja tu. Halafu akawageukia wageni. "Karibuni ndani, chai itapoa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga!

Nilikwenda kwa wale wataalamu, nikakiri yote. Wakaitoa fomu. "Mbona mama mwenyewe ametia dole gumba? Aje akanushe yeye." Nikarudi mbio. Nilimkuta anapeta choroko.

"Niende nikaseme nini? Kwamba nilitia dole kwenye uongo? Wataniuliza, wataandika tena wao." Akapuliza makapi. "Nimechoka kuandikwa."

Sasa nikimwamkia shikamoo, hujibu, "Umekuja." Chakula ananipa, tena cha moto. Marahaba hanipi.

Jamani, wala sijalia. Nakaa pale barazani nautafuta uchungu, siuoni. Mwili mzima umekufa ganzi. Watu wananidai vichekesho, nawatazama tu midomo.

Ndugu zangu, mtu asiyesoma akikukabidhi kalamu, andika alichosema. Ukikiona ni kidogo, kiandike hivyohivyo kidogo! Wewe hujui amekibeba tangu lini. Na akikuuliza umeandika nini, msomee kilichopo, hata kama ataondoka na kukuacha umesimama.

Mhariri, jina langu lifiche. La babu nakuomba uliache lionekane: nyumba ile ilijengwa na Fundi Stefano Nanjulu, mpasua mbao, kwa vidole vinane.