Skuta Iliyokuwa Ikizima kwenye Jiwe

Nakumbuka Ijumaa moja asubuhi, mwanangu, nikiwa fundi kijana kwenye gereji ndogo pale Mabatini, nilipomwambia mwalimu mmoja maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natazama chini. Nakusimulia wewe kwa sababu nasikia umeanza ufundi, na wanasema una mikono myepesi. Hata mimi nilikuwa nayo. Ndiyo iliyoniponza.

Mwalimu Ester alifundisha shule ya msingi huko Ilemela, juu ya kilima chenye mawe makubwa kama nyumba. Mguu wake wa kushoto ulipooza tangu utotoni, akawa anatembea kwa fimbo. Skuta ndiyo iliyokuwa miguu yake. Unaijua skuta ilivyo, katikati iko wazi, mtu hahitaji kurusha mguu juu kama kwenye pikipiki. Alikuwa anaketi, anapiga kiki kwa mguu wa kulia, anaondoka.

Sasa skuta hiyo ikaanza kumisi. Ikifika kilimani inakohoa pu-pu-pu, kisha kimya. Na mtu wa mguu mmoja hawezi kusukuma skuta kupanda kilima. Alikuwa amechelewa shule mara tatu, na mwalimu mkuu, kwa kumhurumia, akasema ataomba ahamishiwe shule ya tambarare. Mwalimu Ester hakutaka kabisa. Darasa lake la saba lilikuwa limebakiza wiki chache kufanya mtihani, na watoto hao alikuwa nao tangu wakiwa la nne.

Mara ya kwanza alipoileta nilibadilisha plagi. Mara ya pili nikaosha kabureta. Mara ya tatu nikafunga koili mpya. Kila mara nilifanya kama adabu inavyotaka: namwamkia, nashusha mkoba wake, natoa fimbo kwenye ile ndoano iliyo chini ya usukani, nampa mkononi, namkaribisha kwenye benchi. Kazi ikiisha, naiendesha mwenyewe hadi mwisho wa lami na kurudi. Inaunguruma vizuri kabisa. Namwambia, "Mwalimu, imepona."

Ijumaa hiyo akaja na vijana wawili wakiisukuma.

"Makoye, imezima tena. Pale pale kwenye jiwe kubwa la kilimani."

Mwenzangu mmoja akapiga kelele kutoka chini ya pikipiki aliyokuwa akiitengeneza: "Plagi umebadilisha, koili umebadilisha. Sasa badilisha Mwalimu!"

Gereji nzima ikacheka. Nikaona aibu, na aibu ya kijana hugeuka hasira upesi. Nikasema, "Mwalimu, mashine ni nzima. Nimeijaribu mara tatu. Labda ni wewe. Huo mguu wako huenda unagusa kitu."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Ester akanitazama vile walimu wanavyomtazama mtoto anayejua kwamba amekosea.

"Nilianza kuendesha skuta wewe hujajua kusoma," akasema taratibu. Kisha akageuka kuondoka. "Basi. Mwalimu mkuu na aandike hiyo barua ya uhamisho."

Mwenye gereji, Mzee Masalu, alikuwa akifuta mikono kwa tambara. Akasogea.

"Shikamoo mzee," Mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, Mwalimu. Kaa kidogo." Kisha akanigeukia mimi. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Makoye, mashine umeiuliza mara tatu. Mwenye mashine umemuuliza mara ngapi?"

Nikaweka chini spana niliyoshika, mwanangu.

"Muulize sasa. Na sisi tusikie."

Nikauliza. Mwalimu akaeleza bila kinyongo, kama anafundisha. Kwenye lami haizimi. Mvua ikinyesha haizimi. Hata ikipata moto sana haizimi. Inazima kwenye jiwe kubwa, njia inapokata kona kali kushoto na kuanza kupanda. "Na jambo la ajabu," akaongeza, "nikichukua fimbo yangu niende kuomba msaada, nikirudi inawaka kwa kiki moja. Leo nimechoka kuijaribu, nikaomba isukumwe tu."

Mzee Masalu akaacha kufuta mikono. "Unachukua nini?"

"Fimbo."

"Huwa unaiweka wapi?"

"Kwenye ndoano. Kila siku."

"Irudishe. Na mkoba pia. Panda kama unavyokwenda shuleni, usiache kitu."

Akatundika, akapanda, akapiga kiki. Ikawaka. Akazunguka uwanja akielekea kulia, ikaenda. Akageuza usukani kushoto. Pu-pu-pu, kimya. Mzee akatoa fimbo kwenye ndoano, Mwalimu akapiga kiki, ikawaka palepale. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeijaribu mara tatu bila fimbo, kwa sababu ya adabu yangu ya kumpa mwenyewe.

Ngoja nikueleze kilichokuwepo, maana utakutana nacho. Katika skuta zile kuna waya mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kitufe cha kuzimia kilicho kwenye usukani. Kazi yake ni kuua moto. Waya huo ukigusa chuma cha bodi, umeme uliopaswa kwenda kwenye plagi unapotelea kwenye bodi, cheche inakosekana, injini inazima. Kwa hiyo ukichubuka mahali popote, skuta itazima bila mtu kubonyeza kitu. Na ukigusa kidogo kidogo tu, itamisi.

Mimi ningeanza kufumua kila kitu. Mzee akasema, "Polepole. Chomoa waya huo kwanza chini kwenye injini, halafu turudie vilevile." Nikauchomoa. Fimbo kwenye ndoano, usukani kushoto, injini ikaendelea kunguruma. Jaribio moja tu, na tayari tulijua ugonjwa uko kwenye waya upi. Tukafungua kava la mbele. Uzito wa fimbo ulikuwa ukivuta ndoano, skrubu ya ndoano ikawa inausukuma waya kwenye shingo ya usukani. Plastiki yake ilikuwa imelika, shaba imetokeza, kipande kisichozidi punje ya mchele. Kila kona kali ya kushoto ilikuwa inabusu chuma.

Nikakata palipoharibika, nikaunga, nikafunga tepu, nikaupitisha waya ndani ya mpira na kuufunga mbali na skrubu. Kisha, bila kutumwa na mtu, nikatengeneza vishikio viwili vya kulaza fimbo pembeni mwa kiti.

"Mwalimu, nisamehe," nikasema.

"Mimi nimekusamehe. Fimbo nayo iombe, umeitenga mara tatu." Akacheka, nami nikapumua. "Haya, panda nyuma. Twende kwenye jiwe."

Nikapanda nyuma, fundi mzima nimebebwa na mgonjwa wangu. Tulipofika kwenye jiwe nilifumba macho. Akakata kona, skuta ikapanda, haikukohoa hata mara moja. Juu pale watoto wa la saba walikuwa wamesimama kwenye uzio wakisubiri kusikia kama itazima. Haikuzima. Sijawahi kusikia kelele za furaha kama zile. Barua ya uhamisho haikuandikwa, na siku ya mtihani Mwalimu Ester alikuwa mlangoni, akiwapigia makofi wanawe mmoja mmoja.

Mwanangu, skuta za sasa zina vifaa nisivyovijua, na simu yako inaweza kukuonyesha mengi kuliko Mzee Masalu. Nafurahi. Lakini usinunue kifaa kabla hujajua ugonjwa. Muulize mwenye chombo kinazima wapi, kikiwa kimebeba nini, kikielekea upande gani, halafu kijaribu vilevile anavyokitumia yeye. Jambo likikushinda, usimtwike lawama aliyekuja kuomba msaada. Sema tu, "Bado sijajua, nieleze tena." Hakuna aliyewahi kudharauliwa kwa maneno hayo.

Mungu akujalie masikio yanayotangulia mikono yako. Na kila atakayekuja kwako akisukuma, aondoke akiendesha.