Mawe Kumi ya Kuhesabia

Mwanangu ameagizwa na mwalimu wake wa darasa la awali apeleke mawe kumi ya kuhesabia. Nimeyaosha mara mbili, bado yananuka udongo mwekundu, na harufu hiyo imenipandisha hasira niliyodhani ilikwisha zamani.

Siku yangu ya kwanza shuleni nililia hadi kamasi zikaingia mdomoni. Nilikuwa namlilia mama, na kwetu Karagwe mama tunamwita "mawe". Mwalimu alikuwa mgeni, Kinyambo hakijui.

"Mawe! Mawe!"

"Unataka mawe?" Akachota kokoto kwenye kopo la kuhesabia, akanijaza viganjani. "Haya, mawe hayo. Nyamaza!"

Nikazidi kulia, naye akaniongeza mengine. Wenzangu wote walijua ninamtaka nani, ila kuongea kilugha darasani ilikuwa fimbo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumweleza mwalimu. Walicheka tu.

Mchana mama alikuja kunichukua akitokea shambani, mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu.

"Huyu mtoto wako anapenda mawe kupita kiasi," mwalimu akamshitakia. "Mkanye!"

Katika yote hayo mama alinasa maneno mawili, "anapenda" na "mawe". Uso ukamchanua. Akapiga goti mbele ya mwalimu.

"Asante, mwalimu. Asante sana."

Nami nimesimama katikati yao, viganja vimejaa kokoto.