Bujumbura Haifiki Saa Nzima

Juzi nilipanda ndege pale Kigoma kwenda Bujumbura. Rubani akatangaza kwamba safari haitafika saa nzima. Wenzangu wakaendelea kufunga mikanda. Mimi, ndugu yangu, nilishika kiti kwa mikono miwili, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe nikiwa msichana wa miaka tisa.

Tuliishi mtaa wa Buzebazeba, pale Kigoma, kwa bibi, wakati wakimbizi wakiingia kila siku. Bibi alimpokea mama mmoja kutoka Burundi, tukamwita mama mgeni. Nyayo zake zilikuwa zimechanika. Kila jioni nilimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, dagaa wakikaangwa pembeni na moshi ukitutoa machozi. Alitembea porini siku nyingi hata akapoteza hesabu. Mama yake mzazi alishindwa kutembea mapema tu, karibu na Bujumbura, naye mama mgeni akamwacha kwenye kibanda cha shambani na kumwahidi kwamba atamrudia. Ahadi hiyo ilimnyima usingizi.

Sasa, kwetu umbali ulisemwa kwa miguu. Kijiji cha Kidahwe ni asubuhi nzima, bibi angesema, na hakuna aliyeuliza unakwenda na nini. Siku moja mwalimu akatufundisha kwamba ndege kutoka Kigoma hadi Bujumbura haichukui saa nzima. Nikarudi nyumbani kifua mbele, mjuaji mimi, nikamwambia mama mgeni, "Mwalimu kasema Bujumbura haifiki saa nzima!" Ndege nikaisahau.

Akaacha kuchambua maharage. "Mwana wanje, mwanangu, mwalimu ndiye kasema?"

"Ndiye."

"Kumbe tulikuwa tunazunguka tu porini!" Kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. "Mama yuko hapa hapa."

Ndipo nikaikumbuka ndege. Niliogopa kumkatiza furaha yake, na niliogopa fimbo ya bibi. Nikajiambia nitamweleza kesho.

Asubuhi mkeka wake ulikuwa umekunjwa. Jirani aliyekuwa akifagia uwanja akatuambia, "Kaenda kumchukua mama yake. Kasema mchana mtakula pamoja."

Bibi akanitazama. Nikasema yote. Alijifunga kanga kiunoni akatoka mbio kuifuata njia ya Kidahwe, ile waliyojia wakimbizi. Nilikaa mlangoni kutwa nzima, maharage yakaungua jikoni nisisikie hata harufu. Alirudi jua likizama, peke yake, vumbi hadi magotini. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Tangu siku hiyo, kila mchana bibi alitenga sahani mbili zaidi na kuzifunika kwa ungo. Alizitenga hadi nilipomaliza shule.

Siku hizi bibi hayupo, nyumba ile haipo, na ukiuliza Kidahwe watu wanakutajia dakika za bodaboda. Kule juu nilichungulia dirishani nikiitafuta njia ya miguu, nikaona mawingu na ukingo wa ziwa. Mhudumu akaniletea soda. Tukatua kabla sijaimaliza.