Mstari wa Mama Chaki

Mama Chaki hakutaka kwenda. Alisema ana nguo za kufua, akasema goti linamuuma, akasingizia hata wageni kwa dada yake, na vyote hivyo havikufua dafu mbele ya msimamizi. Wakataji wote sita wa karakana ya sare wangekwenda Jumamosi hiyo kuona maonyesho ya sanaa kuhusu watu na maroboti, bure kabisa, kisha kila mtu arudi kwake. Basi. Msimamizi yule akishakaza uzi, nani wa kuulegeza?

Alichokuwa anakiogopa ni mkono wake wa kulia. Tangu mwaka uanze ulikuwa unatetemeka. Si sana, lakini mkataji hana ruhusa ya kusema "si sana". Akichora kwa chaki, alikandamiza kifundo cha mkono juu ya meza. Akikata, alilaza kiwiko kwenye kitambaa kama mtu anayejipumzisha. Hakuna aliyeshtuka. Siku wakijua wangemwondoa kwenye meza ya kukatia, na baada ya miaka ishirini na miwili pale, bila meza ile Mama Chaki hakujua yeye ni nani. Ndivyo alivyokuwa, usimcheke. Hata mumewe alikuwa hajamwambia. Nyumbani alikunywa chai nusu kikombe ili isimwagike, eti tumbo halitaki.

Maonyesho yalikuwa kwenye ghala la zamani lililopakwa rangi nyeupe. Chumba cha kwanza kilikuwa na kichwa cha bati kilichomfuata kwa macho kila apitaye. Wenzake wakakitania, mmoja akakiuliza kama kimeoa. Chumba cha pili kilikuwa na mashine inayokadiria umri. Ikamwongezea msimamizi miaka tisa, wakataji wakageukia ukutani kuficha vicheko. Hapo moyo wa Mama Chaki ukatulia kidogo. Kumbe ni mambo ya kuchekesha tu, alijiambia, tutatoka salama.

Salama gani! Katikati ya chumba cha tatu ulisimama mkono wa chuma, mrefu kuliko mtu, umeshika kalamu nene mbele ya karatasi iliyofunika ukuta mzima. Dada mhudumu akaeleza: unanyoosha mkono hewani, unachora mstari kwa kidole, kamera inakuona, na roboti anachora vilevile ulivyochora wewe, ila kwa ukubwa mara kumi. Hairuhusiwi kuegemea popote.

Mama Chaki akarudi nyuma, akamkanyaga mtu. Wenzake wakamsukuma mbele, tena kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomponza. Wakamwambia mhudumu kwamba huyu ndiye mwalimu wao, mstari wake hauhitaji rula. Akafikiria kujifanya amezimia. Akafikiria kwenda msalani na kutokomea kwa mlango wa nyuma. Lakini walikuwa wanamtazama kwa fahari, akashindwa kuwakatalia, akanyoosha mkono.

Mkono wa chuma ukaanza kazi. Ukapinda, ukaruka, ukarudi kwenye njia, ukaruka tena, na mtetemo wote ukajichora pale ukutani kwa urefu wa mlango, bila kumsitiri hata kidogo.

Mmoja wa wenzake akasema mashine mbovu hiyo. Mhudumu akajibu kwa upole kwamba tangu asubuhi inachora vizuri. Ndipo msimamizi akajitokeza, akasema hebu tuone.

Msimamizi huyo alikuja karakanani akiwa msichana asiyejua hata mkasi unashikwaje. Mama Chaki ndiye aliyemfundisha, kabla hajapanda cheo na kumpita mwalimu wake. Akanyoosha kidole hewani, na mstari wake ukatetemeka kuliko ule wa kwanza.

"Mbovu," akasema, akajipangusa mikono.

Wenzake wakaangua kicheko. Mhudumu, maskini, akainama kukagua nyaya. Mama Chaki hakucheka. Mkono ule wa msimamizi aliulea mwenyewe, na haujawahi kutetemeka. Alishukuru Mungu kimoyomoyo, na papo hapo akaogopa kuliko alivyoogopa tangu asubuhi.

Nje, uani, msimamizi akamvuta kando.

"Mimi nimedanganya leo," akasema taratibu. "Wewe unadanganya tangu lini, mwalimu?"

"Tangu Januari."

Msimamizi hakugomba. Afadhali angegomba.

"Jumatatu nitakuja mezani kwako. Nitakata mimi, wewe utanielekeza. Wenzako tutawaambia nimekuja kujikumbusha kazi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka daktari akuone. Baada ya hapo sijui, na sitakudanganya kwamba najua."

Mama Chaki alitaka kusema ahsante. Badala yake akalia, tena kwa hasira, kwa kuonewa huruma na mtu aliyefundishwa naye kushika mkasi. Msimamizi akauchukua ule mkono wa kulia, akaushika kwa mikono yake miwili. Ukatetemeka humo ndani mbele ya wenzake waliokuwa wakiwasubiri getini, na Mama Chaki hakuuondoa.