Kando ya Kitavi

Mimi ni mtu wa mdomo, na sitaki kuficha. Kwetu Mwingi husema Mukai alizaliwa akibishana na mkunga, na miaka thelathini ya Nairobi haijanipunguza. Kwa hivyo nikiwapa habari za Munyiva, mke wa marehemu kaka yangu Ngui, msidhani nilikuwa wifi mwema. Nilimkosea, tena vibaya, na nitafika hapo.

Munyiva ni fundi wa kurekebisha nguo katika duka la dobi kule Hurlingham. Zipu ikikatika, suti ikimbana bwana mkubwa, gauni la harusi likitatuka siku mbili kabla ya harusi, analetewa yeye. Mkono wake ulikuwa mtulivu hivi kwamba ukitafuta mahali uzi ulipopita huoni. Ni mtu wa maneno machache, na hilo lilinikera sana, kwa sababu huwezi kugombana na mtu kama huyo ukashiba.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa na goita. Walimpasua wakatoa tezi yote ya shingoni, wakamwambia kuanzia hapo atameza dawa kila asubuhi maisha yake yote, kwa sababu mwili hauendi bila kile ambacho tezi ilikuwa ikitengeneza. Ngui akaifanya hiyo kazi yake. Kila alfajiri alitoka kitandani, akaburuta patipati zake hadi jikoni, akachemsha chai ya maziwa tupu, maji kidogo sana, akamletea mkewe kikombe kitandani pamoja na dawa. Sisi dada zake tulimcheka mpaka tukachoka. Kila mwaka vipimo vya damu vilionyesha kwamba dawa haimtoshi, na kila mwaka waliiongeza.

Walikuwa na mtoto mmoja, Kitavi. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua akiwa na miaka saba, na Munyiva akakataa apelekwe Mwingi, akisema hawezi kulala mbali naye. Akazikwa Lang'ata. Hadi leo sisi humwita Munyiva Mama Kitavi, ingawa mtoto mwenyewe hayupo.

Februari mwaka huu Ngui alianguka kazini Upper Hill, alikokuwa mlinzi. Alikaa hospitalini siku mbili, na aliyekuwa naye dakika za mwisho ni mkewe peke yake. Munyiva akatoka mle ndani akatuambia Ngui amesema azikwe kando ya Kitavi.

Basi vita vikaanza. Kwetu mtu mzima hazikwi mjini kama mtu asiye na kwao, na baba alikuwa amemwekea Ngui mahali pake shambani. Kaka yetu mkubwa, Hezekiah, aliuliza ni nani mwingine aliyesikia maneno hayo. Hakuna. Aliuliza kama yameandikwa popote. Hayakuandikwa. Lakini sheria inamjua mjane, na Munyiva hakurudi nyuma hata hatua moja, kwa hivyo Ngui akazikwa Lang'ata na Hezekiah hakutia chakula mdomoni siku hiyo. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba mwanamke huyu ni mwongo.

Baada ya mazishi Munyiva hakugusa chai tena. Alisema harufu yake tu inamkaba koo. Dawa akawa anameza na maji, alfajiri, saa ile ile ya Ngui, kisha anaoga na kwenda kazini. Hakuna aliyeona neno hapo. Mjane ameacha chai, kuna ajabu gani?

Kufika Aprili alikuwa ameanza kukonda, na sketi zake akazifunga kwa pini. Mei mikono ikaanza kutetemeka. Alishika sindano, na uzi ukacheza mbele ya tundu lake kama unamdhihaki. Wakati sisi wengine tulikuwa tumevaa sweta mbili, yeye alikuwa anajipepea kwa gazeti. Usingizi ukamhama. Na siku moja, tukiwa tumekaa kwake Riruta, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Ngui hajaondoka.

Alisema akilala ubavu, sikio kwenye mto, anamsikia akitembea. Anatoka kitandani kwenda jikoni, hatua za haraka haraka, bila kupumzika, na jikoni hafiki. Munyiva hukaa kitako gizani, moyo unampiga hadi godoro linatikisika, na hofu inamshika ya kitu asichokijua. Alikuwa anasubiri Ngui aseme anataka nini.

Niliogopa, nywele zikanisimama. Lakini nitasema ukweli, nilifurahi pia. Nilijua anataka nini. Anataka kurudishwa kwao! Nikampigia Hezekiah siku hiyo hiyo.

Tulikutana ndugu na jamaa Jumapili baada ya kanisa, sebuleni kwangu Kangemi. Munyiva alipewa glasi ya maji, ikamwagika yote mapajani kabla haijafika mdomoni. Hezekiah akaomba, kisha akasema sote tunaona mambo yalivyo, marehemu halali na wala hamwachi mtu alale. Hapo nikaingilia mimi.

"Mama Kitavi, sema ukweli tumalize. Ngui alisema hayo maneno, ama ni wewe ulitaka?"

Alijifuta maji mapajani. Mshipa wa shingo, pale kwenye kovu la upasuaji, ulikuwa unaruka hata mtu aliyekaa mlangoni angeuona.

"Nilitaka mimi," akasema.

Sote tukashusha pumzi. Nilimkumbatia, nikamwambia Mungu amemsamehe. Alikuwa mifupa mitupu, na moyo wake ulinipiga kifuani kama wangu.

Mjane akishakubali, hakuna wa kupinga. Karatasi zilitoka mahakamani, na mwisho wa Julai, asubuhi ya baridi na ukungu, wachimbaji wakafukua. Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba Munyiva alikuwa amesimama amekishika kile kimsalaba cha Kitavi kwa mikono miwili, kikitetemeka naye, na jeneza lilipopandishwa garini hakuligeukia. Tukasafiri, tukamzika Ngui karibu na baba, tukaimba. Hezekiah akasema sasa atapumzika.

Hakupumzika. Wiki iliyofuata hatua zikawa za kasi zaidi, na Munyiva akaniuliza kama mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka Mwingi. Siku ya nne cherehani ilimchoma kidole ikatokea upande wa pili, na kabla hawajamtoa sindano akazimia. Mwenye duka akampeleka hospitali, na mimi nikafika nikiwa na aproni ya kazi mwilini.

Daktari alikuwa binti mdogo, Wanjugu, umri wa mwanangu wa mwisho. Alimpima moyo, akatoa damu, na majibu yalipokuja akasema hii dawa ya tezi imezidi mno mwilini, na kiasi anachomeza kingetosha watu wawili. Akamuuliza anaimeza na nini.

"Na maji," Munyiva akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mume wangu afariki."

"Na kabla ya hapo, Mama?"

"Na chai. Alikuwa ananiletea chai."

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza taratibu kwamba dawa hii haipatani na maziwa. Miaka yote hiyo chai ilikuwa inaizuia tumboni, sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu, na wao kwa kutojua wakazidi kuiongeza. Chai ilipokoma, dawa yote ikaingia kwa pamoja. Kukonda, jasho, kutetemeka, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio hadi mtu anausikia sikioni akilala, yote ni hiyo dawa. Ataipunguza, na mwili utatulia pole pole.

"Hata ile hofu?" Munyiva aliuliza.

"Hata hofu, Mama."

Jamani, kuna aibu inayokufanya utamani ardhi ipasuke. Nilikaa pale nikitafuta pa kuweka uso. Daktari alipotoka nilimuuliza Munyiva, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yangu ilikuwa ndogo, kwa nini basi alituambia ni yeye aliyetaka.

"Mlikuwa mnaniambia kila siku mimi ni mwongo," akasema. "Na moyo wangu ulikuwa unakimbia kama wa mwizi. Mwisho nikaona, basi mimi ni mwizi. Labda kweli sikumsikia vizuri."

"Na alisema?"

"Alisema, Mukai. Alisema mara mbili."

Nilimpigia Hezekiah nikamweleza yote, chai, maziwa, dawa, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mjane alikiri mbele ya watu kumi na wawili, na kaburi si shimo la viazi. Akakata simu. Nilipomwambia Munyiva kwamba nitapigana na Hezekiah, akanikataza. Hataki Ngui achimbuliwe tena, hata kwa wema.

Sasa ni Novemba. Mikono yake imetulia, amerudi kazini, amepata mwili kidogo. Anameza dawa yake na maji, anasubiri saa nzima, ndipo ale. Siku moja aliniambia nyumba imenyamaza. Akilala ubavu hasikii tena kitu, ni magari tu ya barabarani. Nikasema Mungu ashukuriwe. Akalia, akasema alikuwa anamwogopa na sasa anamtafuta, na hayupo hapa wala hayupo kwa mtoto.

Jumamosi huwa namsindikiza Lang'ata. Kando ya Kitavi pamebaki udongo uliotitia, majani hayajaota vizuri. Jumamosi iliyopita alisimama akiutazama, kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Mimi nikifa, nizikwe hapa. Si Mwingi. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

"Sema tena."

Nikasema tena. Niliangalia huku na huku, nikitamani awepo mtu yeyote, hata mfyeka nyasi, hata mgeni aliyepotea njia, asikie naye. Tulikuwa sisi wawili tu.