Mpangaji na Programu ya Kumi na Mbili

Mjukuu wangu, kalamu inanitoa jasho, nawe bado unataka nikuandikie habari za mpangaji wa chumba cha nyuma. Haya. Kazi yake ni kumnyoosha mkalimani aliye ndani ya kompyuta, yule anayegeuza maandishi ya watunga programu yawe lugha ya mashine. Programu anazopewa mkalimani huyo ni za vijikazi vingi vinavyopokezana majibu. "Bibi, maandishi hayana kosa," huniambia. "Mkalimani akiwa mzito, programu nzuri nayo inakokota miguu." Akipima mwendo hugonga meza kwa kidole kimoja, chai ikipoa mpaka inafanya utando. Kupima mara moja hakumridhishi; hupima mara kumi.

Juzi alimaliza kutengeneza mkalimani mpya, na ofisini kwao walingoja vipimo waamue kama kazi yake ya mwaka mzima iendelee au itupwe. Alijaribu programu kumi na mbili. Kumi na moja zikakimbia mara mbili ya kasi ya zamani, moja ikawa nzito kuliko zamani. Nikamwambia, "Hiyo moja ifunike, nani atachungulia?" Kidole kikaacha kugonga. "Mwenye programu hiyo atachungulia, Bibi." Akawaandikia barua wa ofisini, na mstari wa kwanza ukawa wa ile moja. Mimi ningeuweka mwisho, tena kwa herufi ndogo. Majibu hayajaja, na kidole nakisikia mpaka huku jikoni. Nimeshatoa jasho langu. Sasa na wewe niandikie, na uanze na lile unalonificha.