Kamba ya Taa ya Bibi

Juzi fundi alinitilia swichi ya kamba bafuni, akaivuta kuijaribu. Tak. Mlio mdogo tu, lakini puani mwangu yakaja mafuta ya nazi na asumini zilizonyauka, nikawa nimerudi Magogoni, mlangoni mwa chumba cha Bibi.

Bibi, mamake Baba, alikuwa haoni. Macho yalimwishia kabla sijazaliwa, kisha miguu, akawa mtu wa kitandani. Juu yake ilining'inia kamba ya taa, iliyorefushwa kwa kipande cha leso kuukuu, kimelainika kwa mikono yake. Akishasali magharibi huivuta. Tak, chumba kikawaka. Sisi watoto tulivunjika mbavu: asiyeona na taa, wapi na wapi? Naye hucheka nasi, akataka asogezewe tambuu yake atafune.

Haupiti muda, hodi. Mama Kadzo, jirani yetu Mgiriama aliyeuza mbaazi na mahamri, huingia akijifuta mikono, nyuma yake wanawake wengine wa mtaa. Chumba kikajaa habari za posa, za wagonjwa, za nani kagombana na nani. Na Bibi alikuwa na ulimi, jamani. Akimwiga mtu, utadhani yupo pale mkekani.

Siku moja swichi ikaanza kutoa cheche. Baba, ambaye kumpenda mamake kulikuwa ni kumwogopea kila kitu, akaing'oa kamba na yote, akatia swichi ya ukutani kando ya mlango. Tulipokezana kuibonyeza. Bibi akapapasa hewani pale ilipokuwa kamba.

"Mbona kamba yangu umeitoa, mwanangu?"

"Ni hatari, Mama. Na taa wewe waitakia nini? Ukiwa na haja, tuite."

Bibi akaurudisha mkono kifuani. "Haya. Mungu akuweke."

Hakutuita. Hakuwa mtu wa kuomba, kwa mwanawe ndiyo kabisa. Mama akimpelekea uji huwasha, akitoka huzima, Bibi apumzike. Hodi zikapungua, kisha zikakatika. Nilidhani wale wanawake wamemchoka, nikawachukia. Bibi akaacha kuiga watu, akawa anageukia ukuta mapema. Masika hayajaisha, tukamzika.

Matangani wanawake walikuwa uani wakichagua mchele, Baba amesimama mlangoni. Mama Kadzo akasema, bila kumwambia mtu hasa, "Nami nilikuwa nataka kumwona kila siku. Lakini nikipita naona dirisha giza, nasema, mzee kalala, nisimsumbue." Wenzake wakaitikia kwamba hata wao ni vivyo hivyo. Baba akageuka akaingia ndani.

Wakati ule niliona ni maneno ya matangani tu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba ile taa ndiyo iliyokuwa makaribisho ya Bibi kwa mtaa mzima, nasi tuliizima kwa mapenzi, nao wakapita kwa heshima. Hakuna aliyemkosea adabu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Matanga yalipoondolewa, Baba alipanda ngazi akairudisha kamba, na kipande cha leso akakifunga mwishoni. Baada ya magharibi akaenda akaivuta. Dirisha likaangaza njia nzima. Akaketi ukingoni mwa kitanda kitupu, uso kaelekeza mlangoni, mpaka Mama akamwita kula.